Picha za Baba Mkwe

"Hisia haitoshi," kinasa kilisema.

Subilaga akakisogeza karibu zaidi na sufuria, mpaka lenzi ikaingia ukungu wa mvuke na ikabidi aifute kwa kanga. Maharage yalikuwa yanachemka. Harage moja lilikuwa likipanda juu, likijigeuza, likizama, kisha likipanda tena. Mwaka jana harage kama hilo lingemchekesha asubuhi nzima. Akabana kidole gumba kwenye bamba la shaba lililokuwa nyuma ya kidude, akajizuia kupumua.

"Hisia haitoshi. Tafadhali jaribu kitu kingine."

"Kitu kingine nini? Nikuzalie?"

 Kinasa kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, na sauti ya mwanamke aliyelala vizuri na kuamka hana kazi ya kufanya. Asubuhi ile kilikuwa kimeshakataa umande kwenye jani la mgomba, kimekataa paka wa jirani aliyelala ndani ya karai, na sasa kimekataa harage. Ng'ambo ya migomba, kwenye nyumba kubwa, mzee, baba mkwe wake, alikuwa bado kitandani, na asingeinuka mpaka picha ifike.

Mama mkwe akachungulia mlangoni, mtandio umelowa manyunyu. "Mwanangu, baba yako anauliza picha iko wapi."

"Inakuja, Mama."

"Na ya jana anasema uliipiga una haraka. Alihema mpaka mchana, hajui anakimbilia wapi."

"Nilikuwa nimeacha maziwa jikoni, Mama."

"Basi leo usiwe na haraka," mama mkwe akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Subilaga kuliko matusi. Mtu unapigizana kelele na mashine tangu alfajiri, halafu unaambiwa usiwe na haraka!

Akatoka nje kwa hasira, akazunguka nyumba mara mbili akitafuta uzuri kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea. Mwishowe akaona utando wa buibui kwenye kona ya choo, umebeba kijiti kimoja kikavu kinachozunguka hewani, na buibui mwenyewe amekaa pembeni anakitazama kwa kero, kama mwenye nyumba aliyeletewa mgeni asiyemtaka. Moyo wake ukaruka kidogo. Akabonyeza.

"Imepokelewa," kinasa kikasema.

Alipotazama tena aliona utando, kijiti na choo. Hakuna zaidi.

*

Ukavu ulikuwa ugonjwa wa watu waliovaa vioo. Mzee Mwakalobo alivivaa vyake miaka yote aliyosimamia mashine za kuchuma chai. Mashine zilijichumia zenyewe mlimani. Yeye alikaa kibandani, vioo usoni, akitazama mbio za farasi, harusi za watu asiowajua na miji ya dhahabu isiyokuwepo popote. Siku aliyostaafu alivivua, akaitazama dunia, akakuta haina ladha. Hakuumwa kichwa wala mguu. Aliacha tu kutaka. Aliacha kutaka jua, akaacha kutaka mazungumzo, kisha akaacha kutaka kula.

Dawa iliyopatikana ilikuwa moja: furaha ya mtu mwingine, iliyonaswa papo hapo pamoja na kitu kilichoileta, ambayo mgonjwa aliipokea kwa kuweka gumba kwenye kioo cha kupokelea. Nayo iwe ndogo, ya vitu vya kila siku. Furaha kubwa kubwa, za harusi na za ushindi, wagonjwa walizitapika. Na kama ilivyo damu, si ya kila mtu. Mke wa mzee alipimwa, haikupatana. Wanawe walipimwa, ya Anyelwisye, mume wa Subilaga, ilimpa mzee kwikwi ya siku mbili. Iliyopatana ilikuwa ya mkwe.

Hapo ukoo ukapigwa na butwaa. Kwa Wanyakyusa wa tangu zamani, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona anakuja njiani, anachepukia kwenye migomba mpaka apite. Koo nyingi zilikuwa zimeshalegeza, lakini ukoo wa Mwakalobo ulikuwa umekaza uzi. Tangu aolewe Subilaga hakuwahi kuuona uso wa baba mkwe wake. Alimjua kwa kikohozi.

Wazee wakaketi kikao kutwa, wakala ndizi, wakatoa uamuzi: picha si kukutana, mradi mkwe mwenyewe asionekane ndani yake. Asionekane uso, wala kidole, wala ncha ya kanga. Ilipotokea mara moja kivuli chake kikaangukia ukutani pichani, kikao kiliitishwa upya na yeye akaonywa. Wakalinda kivuli! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza juu ya kile kilichokuwa kikisafiri pamoja na picha, yaani moyo wa mwanamke huyo, kila asubuhi, ukiingia kifuani mwa mzee bila kubisha hodi.

Wala hakuna aliyeuliza huku nyuma kunabaki nini. Picha ya kwanza ilikuwa ya mvuke wa birika asubuhi ya baridi. Ya pili, mvua ikirukaruka juu ya bati. Kisha ganda la kitunguu lililoshikwa dirishani likapitisha mwanga, kisha sisimizi na chembe ya sukari. Mzee aliinuka, akaketi, akala, ukoo ukashangilia. Na Subilaga, ambaye zamani mume wake alikuwa akimtania kwamba akitumwa chumvi atarudi keshokutwa kwa kusimama kutazama vitu, sasa alitumwa na kurudi upesi.

*

"Kinasa hakijaharibika," Bwana Mnzava alisema. Alikuwa fundi wa kliniki ya ukavu mjini, kijana nadhifu mwenye kawaida ya kuongea huku akitazama karatasi. "Kinafanya kazi yake. Wewe ndiye unayeisha."

"Ninaisha namna gani? Mlisema itapungua kidogo."

"Inapungua kwa kitu ulichopiga. Kwa kitu hicho, ndiyo, inapungua yote." Akageuza karatasi. "Lakini usikate tamaa, dada. Bamba linasoma hata usipopiga picha, mradi umekishika. Kuna mruko mmoja mkubwa, unarudi karibu kila siku, jioni hasa. Mkubwa lakini si wa kumtapisha mgonjwa. Hiki ni nini?"

Subilaga akainama kutazama mstari uliochongoka kama mlima. Alijua ni nini. Joto likampanda shingoni.

"Ni mume wangu," akasema. "Akijigonga kwenye kigoda, anakipa pole."

"Anakipa nini?"

"Pole. Anakiambia kigoda pole. Anakipapasa na kukipapasa." Kulisema mbele ya fundi kulimfanya aone aibu, kama amevua kilemba ofisini. "Hata mlango. Hata ng'ombe wa jirani, lakini huyo angalau anasikia."

Bwana Mnzava hakucheka. "Piga hiyo. Itamtosha mzee muda mrefu. Pengine ndiyo itakayomponya kabisa."

"Halafu mimi?"

"Utaendelea kumpenda mumeo. Ndoa ina mambo mengi."

"Wewe umeoa?"

"Bado."

"Nyamaza basi." Akavuta pumzi. "Na baba mkwe anajua? Anajua kwamba kila anachokula kinatoka kwangu na hakirudi?"

"Wapokeaji hawaambiwi. Ndiyo kanuni yetu. Akijua atakataa, na akikataa hatakula, na asipokula unajua mwisho wake." Akamrudishia kinasa kwa mikono miwili, kwa adabu. "Bila picha nampa wiki, labda mbili. Fikiria vizuri."

Njia nzima ya kurudi Subilaga alifikiria, na kadiri alivyofikiria ndivyo alivyozidi kukereka. Alimkasirikia fundi, akawakasirikia wazee wa kikao, akamkasirikia hata mume wake kwa kuwa na tabia ya kupendeza inayoonekana kwenye karatasi.

*

Jioni ile Anyelwisye alirudi kutoka mlimani, mikono imejaa grisi ya mashine, akaingia kwa kasi na kugonga kigoda kwa ugoko.

"Aa, pole," akakiambia. Akainama na kukipapasa kwa kiwiko, asikipake grisi. "Pole sana, sikukuona."

Kinasa kilikuwa mkononi mwa Subilaga. Lenzi ilikuwa imeelekea pale pale, na gumba lilikuwa tayari juu ya shaba. Aliuhisi mruko wenyewe, ule ule wa siku aliyomwona kwa mara ya kwanza kwenye msiba wa shangazi yake, akiuomba radhi mti wa hema alioupiga bega. Kubonyeza tu, na mzee angeishi.

Akakitupa kinasa kwenye kapu la vitunguu.

"Kuna nini?" Anyelwisye akauliza.

Akamwambia yote, kuanzia mvuke hadi karatasi ya fundi. Anyelwisye alisikiliza amesimama, maji ya kunawa yakimchuruzika viwikoni. Subilaga alipomaliza tu, mume wake akasema, "Piga."

"Unasemaje?"

"Piga, Subilaga. Ni baba yangu."

"Umesema upesi mno!"

"Ulitaka niseme taratibu? Mzee anakufa."

"Nilitaka ufikirie! Kesho utaingia hapa, utakipa kigoda pole, na mimi nitaona mwanaume mzima anayeongea na mbao. Nitaanza kukwambia acha ujinga. Utaacha. Umefikiria hilo?"

Anyelwisye akakitazama kigoda. Ilionekana hakuwahi kujua kwamba anakipa pole.

"Na lingine," Subilaga akasema, sauti imeshuka. "Baba atakapoipokea, atahisi ninachohisi mimi nikikutazama. Chote. Wazee wako wamenikataza kivuli, Anyelwisye. Hiki je?"

 Masikio ya mume wake yakaiva. Akaketi juu ya kigoda na kushika kichwa. "Sijui," akasema. "Kweli sijui. Lakini ni baba yangu."

Na kwa hilo Subilaga hakuweza kumkasirikia, ingawa alijaribu.

*

Asubuhi alikwenda nyumba kubwa. Kati ya sebule na chumba cha mzee palikuwa na pazia zito la bluu, na utaratibu ulikuwa unajulikana: mkwe anasema na mama mkwe, mama mkwe anasema na mzee, ingawa wote watatu wanasikiana vizuri tu.

"Picha ipo?" mama mkwe akanong'ona.

"Haipo, Mama." Subilaga akapiga moyo konde, akaligeukia pazia lenyewe. "Baba, shikamoo."

Mama mkwe akajiziba mdomo. Ndani ya pazia kikohozi kikakatika katikati.

"Baba, wamenikataza nisikwambie, lakini nimechoka na nakwambia. Nikikupa picha, nawe unapata furaha, mimi inanitoka. Siyo kidogo. Yote. Nimekupa mvuke, sasa kwangu ni mvuke tu. Nimekupa sisimizi, sasa ni wadudu wa sukari."

 Kisha sauti kavu ikasema, "Muulize, na kitunguu?"

"Anauliza, na—"

"Na kitunguu, Baba."

"Muulize, na mvua?"

"Mvua pia. Inanyesha tu." Hapo sauti yake ikamsaliti, na alichukia kulia mbele ya pazia. "Kimebaki kimoja. Kukupa hicho siwezi, na kukuacha ufe siwezi, na hicho chenyewe siwezi kukitaja mbele yako kwa heshima."

 Mzee alikuwa amekula moyo wa mwanamke huyu kila asubuhi kwa mwaka mzima. Huenda hapakuwa na mtu duniani aliyeujua kuliko yeye. "Mwambie asikitaje," akasema polepole. "Ni mwanangu." Kisha, "Mwambie anipe hicho kidude."

"Cha nini, Baba?"

"Mwambie asiulize maswali. Alete."

Mama mkwe akakipitisha kinasa chini ya pazia.

*

Tangu hapo nyumba kubwa haikukalika. Mzee alikuwa amelala na kinasa kifuani, akikielekeza kwenye dari, kwenye mguu wa kitanda, kwenye soksi yake.

"Hisia haitoshi," kinasa kilisema.

"Soksi hii ina ubaya gani?" mzee alisema.

"Hisia haitoshi. Tafadhali jaribu kitu kingine."

Siku za kwanza mzee alikijibu kinasa bila nguvu, kama mtu anayesoma tangazo. Hakula. Alikunywa maji kwa sababu mkewe alimshika shingo. Siku ya tatu mama mkwe alipita kwenye migomba bila mtandio, akamkuta Subilaga anafua, akamshika mikono iliyojaa povu.

"Mwanangu, mpe hicho kilichobaki. Nakuomba. Mimi ningempa vyangu vyote, lakini vyangu vinamkataa. Miaka yote niliyoishi naye, vinamkataa!"

Subilaga alimtazama mwanamke huyo mzee na nguvu zote za ubishi zikamwishia. Liwalo na liwe. Alikwenda hadi kwenye pazia, nguo zikimchuruzika, akasema, "Baba, nirudishie kinasa. Nitaipiga."

"Mwambie sitoi."

"Baba, nimeshakubali kwa hiari yangu!"

"Mwambie nimeshakula mvua yake. Nikimla na mumewe, nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Utakuwa mtu aliye hai!"

"Mwambie anapiga kelele."

"Napiga, ndiyo! Mkaidi wewe!" Akajisikia akilisema, kwa baba mkwe, mchana kweupe, na dunia haikupasuka. Kisha akasikia kinasa huko ndani kikisema hisia haitoshi, na mzee akikijibu neno ambalo mama mkwe alikataa kumpelekea mtu yeyote.

Neno hilo halikuwa la mtu anayesoma tangazo. Subilaga alilisikia, lakini kuchoka kulimzuia kulitilia maanani.

Kesho yake alipeleka uji, kama alivyoupeleka kila siku na kuurudisha umepoa. Mama mkwe akauingiza. Subilaga akaketi sebuleni, kichwa ukutani, akisubiri kurudishiwa bakuli. Alikuwa ameshaanza kuwaza habari za msiba, nani aitwe, hema likodishwe wapi. Anyelwisye alikuwa amesimama mlangoni, hajaenda kazini, hajui la kufanya. Muda ukapita. 

"Imepokelewa," kinasa kikasema.

 Kisha mama mkwe akatoka nyuma ya pazia ameshika kwa mikono miwili kioo cha kupokelea, kile kilichokaa kitandani kwa mzee mwaka mzima. "Anasema utazame wewe," akamwambia Subilaga. Damu zikipatana zimepatana pande zote mbili, na kama fundi alilijua hilo basi hakuona haja ya kulisema.

Picha ilikuwa imepinda, na nusu yake ilikuwa kidole. Nusu nyingine ilikuwa ukingo wa bakuli la uji, na juu ya ukingo ametua nzi. Alikuwa anasugua mikono yake ya mbele kwa bidii, kichwa kimeinama, kama mgeni aliyekwisha kunawishwa ambaye haelewi kwa nini chakula hakiletwi. Subilaga akaweka gumba.

Kicheko kikamjia kutoka mahali asipopajua. Hakikuwa chake. Kilikuwa kizito, cha mwanaume, kimekwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, na kilimshika tumboni mpaka akateleza kwenye ukuta na kuketi sakafuni akifuta machozi. Nzi! Miguu ile! Anyelwisye alimwinamia kwa hofu, naye akashindwa kumweleza. Hakuwa amecheka hivyo tangu msimu uliopita wa mvua.

Kisha akaelewa alichoshika, na kicheko kikamkatika.

"Baba!" Alikuwa ameshasimama, uso umekaribia kuligusa pazia. "Umefanya nini? Hii ilikuwa yako! Ni ya kwanza miaka yote hii, ungekaa nayo! Sasa imekutoka, unajua? Imekutoka! Nani alikuomba?"

Ndani kitanda kikalia. Mtu alikuwa anajiinua, taratibu, kwa kuguna, bila kushikwa na yeyote.

"Mwambie asinipigie kelele," mzee akasema. "Mwambie alete uji mwingine. Huu una nzi."